Mcheza Kwao Hutunzwa, Mwamuzi Je?

Ndugu msomaji, wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Achezaye mbele ya ndugu na jirani zake hupigiwa makofi na vigelegele, hufutwa jasho kwa kanga, na akianguka huinuliwa. Lakini wahenga hawakutuambia lolote juu ya yule asimamaye kati ya wachezaji hao na filimbi kinywani, ambaye naye yuko kwao, mbele ya ndugu na jirani wale wale. Jumapili hii tuzungumze juu ya mtu huyo. Namfahamu kidogo, kwa kuwa ndiye mimi.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuniona nikiandika habari za malezi, bei ya unga na mikopo ya samani. Huenda hawajui kwamba mpira wa wavu ni ugonjwa ulionipata nikiwa mwanafunzi wa sekondari, na hadi leo sijapona. Ukishuka kuelekea ziwani hapa Musoma saa kumi na nusu za jioni, jua likiwa limeanza kuinamia maji, utatukuta tumekusanyika: mwalimu, karani, fundi wa redio, muuguzi aliyetoka zamu, na mimi mwandishi wenu. Mali yetu ni nguzo mbili za miti, kamba, majivu ya kuchorea mistari, mpira mmoja, na wavu ulioshonwa mara nyingi hata hatujui tena kipi ni kiraka na kipi ni wavu wenyewe.

Anayetushonea ni mzee mmoja mvuvi, na hutumia uzi ule ule wa nyavu zake. Siku moja, alipomaliza kufunga fundo la mwisho, alitutazama akauliza: "Wanangu, kazi ya wavu ni kukamata. Huu wenu mtu akiugusa ni kosa, na mpira ukiishia humo ni hasara. Sasa mmeutundika wa nini?" Tulicheka sana. Baadaye nililikumbuka swali lile katika saa ambayo kicheko kilikuwa mbali nami.

Kabla sijafika huko, niseme neno juu ya mchezo wenyewe, maana wako wanaodhani kuwa ni mchezo wa wanafunzi tu. Mpira wa wavu ulibuniwa mwaka 1895 na William G. Morgan, aliyekuwa akifundisha mazoezi ya mwili katika chama cha YMCA mjini Holyoke, Massachusetts, nchini Marekani. Morgan alitafuta mchezo ambao watu wazima waliochoka kwa kazi za mchana wangeweza kuucheza bila kugongana vifua kama ilivyo katika mpira wa kikapu. Kwa hiyo tangu mwanzo ulikuwa mchezo wa watu wa kazi. Ulipoingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, huko Tokyo mwaka 1964, wanawake wa Japani ndio waliotwaa dhahabu, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Nichibo huko Kaizuka. Mchana walikuwa kazini, jioni uwanjani. Sisi wa Musoma, mji uliopata kuwa na kiwanda chake cha nguo cha Mutex, hatuwezi kuiona habari hiyo kuwa ni hadithi ya mbali. Tena jirani zetu wa Kenya wamekwisha kuwapeleka wanawake wao Olimpiki mara nne: Sydney mwaka 2000, Athens mwaka 2004, Tokyo katika michezo iliyoahirishwa hadi mwaka 2021, na Paris mwaka 2024. Ziwa wanalolitazama wao upande wa Kisumu ndilo tunalolitazama sisi.

Sasa nilifikaje kwenye filimbi? Sikuitwa na wito wowote mtukufu. Nilifika kwa sababu ya mdomo. Nilikuwa mchezaji wa kulalamika. Mpira ukitoka nje nilisema umo, ukiwa ndani nilisema umetoka, na kila filimbi ilipolia dhidi yetu nilimtazama mwamuzi kama mtu aliyeniibia baiskeli. Jioni moja mwamuzi wetu, mwalimu mstaafu mwenye mvi na maneno machache, alishuka akanijia na kunikabidhi kibendera. "Ndugu yangu," akasema, "wewe macho yako yanaona zaidi ya yangu. Simama pale kwenye kona utusaidie."

Nilisimama. Katika seti moja tu niligundua jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote niliyocheza: kwamba sikuwa nikiona. Mchezaji huuona mpira anaoutaka. Mshika kibendera hapaswi kutaka mpira wowote. Kazi yake ni kuutazama mstari, kungoja, kisha kuinamisha kibendera ikiwa mpira umeangukia ndani, kukiinua ikiwa umetoka, au kukiinua na kukigusa juu kwa kiganja ikiwa mpira ulimgusa mchezaji kabla ya kutoka. Ni mambo matatu tu, lakini jioni ile nilikosea mara nne.

Tangu hapo nikawa mwanafunzi wa mzee yule. Hakunipa filimbi kwa muda mrefu. Kwanza nilishika kibendera. Kisha nikakalishwa mezani kuandika alama, nikajifunza kufuata mzunguko wa wachezaji sita, ambao huhama nafasi kwa mwendo wa mshale wa saa kila timu yao inapopata haki ya kuanzisha mpira kutoka kwa wapinzani. Mwandishi wa alama akisinzia, timu nzima huweza kucheza katika nafasi zisizo zake. Kisha nikasimama chini kwenye nguzo kama mwamuzi wa pili. Mwisho ndipo nilipopanda juu ya dawati la shule, ambalo ndilo jukwaa letu, ili macho yangu yapite juu ya wavu kwa kiasi cha nusu mita kama kanuni inavyotaka.

Msomaji mpenzi, ukiwa juu pale uwanja hubadilika. Kutoka chini ni mkubwa. Kutoka juu ni mkeka wa mita 18 kwa 9, umegawanywa katikati na wavu wenye kimo cha mita 2.43 kwa wanaume na mita 2.24 kwa wanawake. Kila upande una haki ya kuugusa mpira mara tatu kabla ya kuuvusha, mbali na mguso wa kuzuia. Mwenye kuanzisha mpira ana sekunde nane baada ya filimbi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 timu ilipata alama pale tu ilipokuwa yenyewe imeanzisha mpira, na seti ilikwisha kwa alama 15. Wazee wetu wa mchezo bado huikumbuka hesabu hiyo kwa mapenzi. Siku hizi kila mpira una alama yake, seti huchezwa hadi 25 na ya tano hadi 15, ilimradi mshindi azidi kwa alama mbili. Maana yake kwa mwamuzi ni nzito: hakuna tena filimbi isiyo na bei. Kila ukipuliza, kuna mtu unayempa na mtu unayemnyang'anya.

Mzee wangu alinifundisha utaratibu: filimbi kwanza, kisha mkono kuonyesha upande utakaoanzisha mpira, kisha alama ya kosa. Vidole vinne kwa migusano minne, viwili kwa mtu mmoja kuugusa mara mbili, mikono miwili iliyoinuliwa viganja vikielekea mwilini kwa mpira uliotoka. Nilijifunza nyumbani mbele ya kioo. Mke wangu alipita na ndoo ya maji akaniuliza kama nina homa. Mtoto wetu wa miaka sita alizishika ishara zote kuliko mimi, na hadi leo akinyimwa chai ya pili huniinulia mikono kuonyesha kwamba nimetoka nje.

Nilidhani nimehitimu. Ndipo nikaenda Bunda.

Bunda ni mji wa barabarani. Mabasi ya Mwanza na ya Musoma hupishana hapo, wauzaji hukimbilia madirishani na mahindi na karanga, na mchezo wowote unaochezwa karibu na barabara hupata watazamaji papo hapo. Siku ile ilikuwa mechi ya wanawake. Timu ya mjini ilicheza na wageni waliokuwa wanafunzi wa chuo, na mimi nilikuwa mwamuzi wa kwanza. Watazamaji walisogea hadi nikaweza kusikia pumzi zao. Seti ya nne, alama zikiwa zimekaribiana, mpigaji wa timu ya mjini aliruka, akapiga mpira vizuri sana, na alipokuwa akishuka mkono wake ukaugusa utepe wa juu wa wavu. Niliona. Niliuona wavu ukitikisika na niliuona mkono. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele, wanaume wakatupa kofia juu, na filimbi yangu ikalia kwa ajili ya wenyeji.

Nahodha wa wageni akanijia. Kanuni inamruhusu nahodha peke yake kumwomba mwamuzi maelezo, naye aliomba kwa adabu ambayo mimi sikuwa nayo nilipokuwa mchezaji. "Mwalimu, samahani. Mkono haukugusa wavu?" Nikamjibu kwamba mpira ndio uliousukuma wavu ukamfuata mchezaji. Ndugu msomaji, kanuni hiyo ipo: wavu ukisukumwa na mpira ukamgusa mpinzani, hilo si kosa. Lakini halikuwa jambo lililotokea. Aliyegusa alikuwa ndiye mpigaji, na mpira ulikuwa umekwisha kupita. Nilitwaa kanuni ya kweli nikaifunika juu ya uongo. Binti yule alinitazama kidogo, akasema "Ahsante," akarudi mahali pake.

Timu yake ilishindwa. Baada ya mchezo manahodha hutia sahihi karatasi ya alama. Aliinama mezani akaandika jina lake polepole kwa mwandiko wa mwalimu mtarajiwa, herufi zote zikikaa juu ya mstari, kisha akanipa mkono. Ningependa angenitukana.

Hapo ndipo nilipolikumbuka swali la mvuvi. Wavu umetundikwa wa nini? Kumbe wavu ule hukamata, ila haukamati mpira. Siku ile ulikuwa umenikamata mimi.

Nilimweleza mzee wangu. Hakunilaumu wala hakunifariji. Aliuliza tu: "Uliogopa watu wale, au uliwapenda?" Nikasema niliogopa. Akasema, "Basi afadhali. Kuogopa kunakwisha. Siku utakapowapenda ndipo utakapojua."

Siku hiyo ilikuja mwezi mmoja baadaye, Butiama.

Sina haja ya kuwaeleza wasomaji Butiama ni mahali gani. Hapo ndipo alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na hapo ndipo alipozikwa mwaka 1999, penye mawe makubwa ya Mwitongo. Mtu akifika huko hujikuta akipunguza sauti. Mwalimu mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao, mchezo ambao kete zake zote zi wazi mbele ya macho ya wote, na kila mtazamaji anaweza kuzihesabu. Mpira wa wavu si hivyo. Mpira hupita, na kilichopita hakihesabiwi tena. Kinabaki kwa yule aliyetazama.

Timu mojawapo siku ile ilikuwa timu yangu mwenyewe kutoka Musoma. Aliyepangwa kuchezesha aliharibikiwa na gari njiani, na mwenye ujuzi wa filimbi nilikuwa mimi peke yangu. Niliwaita manahodha wote wawili, nikawaambia wazi kwamba hawa nimecheza nao miaka mingi na mmoja wao tunafanya kazi ofisi moja. Nahodha wa wenyeji alifikiri kidogo, akasema, "Sisi tunakuamini." Neno hilo lilikuwa zito kuliko kama angekataa.

Mchezo ulikwenda hadi seti ya tano. Wenyeji 14, Musoma 13, na Musoma ndio wanaoanzisha mpira. Wenyeji wakaupokea vizuri, mpangaji wao akauinua pembeni, na mpigaji wao akaruka. Mbele yake akaruka rafiki yangu, yule wa ofisi moja, mtu aliyenisindikiza siku ya posa yangu. Mpira ulipigwa, ukapita juu ya mikono yake, ukaangukia mbali nje ya uwanja. Mshika kibendera akakiinua: umetoka. Wenzangu wa Musoma wakarukaruka kwa furaha. Kumi na nne kwa kumi na nne.

Lakini mimi nilikuwa nimeuona mpira ukibadili mwendo. Ulikuwa mguso mdogo, wa ncha ya kidole, kama mtu afutaye vumbi juu ya meza. Mwandishi wa habari huandika jioni, na akikosea husahihisha katika toleo lijalo. Mwamuzi hana toleo lijalo. Kanuni humruhusu mwamuzi wa kwanza kubadili uamuzi wa wasaidizi wake akiona wamekosea, lakini hakuna kanuni inayomfundisha namna ya kuutazama uso wa rafiki yake anapofanya hivyo. Nilipuliza. Nikanyosha mkono kwa wenyeji. Kisha nikasimamisha kiganja kimoja na kupangusa vidole vyake kwa kiganja cha pili: mpira umeguswa. Kumi na tano kwa kumi na tatu. Mchezo umekwisha.

Rafiki yangu hakusema neno. Alivitazama vidole vyake, akanitazama mimi, akaenda kuvaa viatu vya kurudia.

Tulirudi Musoma katika gari moja, tumebanana kama dagaa, na hakuna aliyezungumza nami. Nilimkumbuka Mwalimu, ambaye Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Jioni ile kama ningeruhusiwa kushuka ningetembea kwa furaha. Nyumbani mke wangu aliuliza nani ameshinda, nami nikasema wenyeji. "Na shemeji yangu hajaja kunywa chai kama kawaida?" Nikasema amechoka.

Alichoka wiki tatu. Ofisini alinipa salamu za kazi tu. Usiku nililirudia pigo lile kichwani, mara nikiuona mguso, mara nisiuone. Jumapili ya nne alibisha hodi, mkononi ana sato wawili wamefungwa kwa ukindu. Akampa shikamoo mama yangu aliyekuwa ametutembelea, akaketi, akanywa chai, akazungumza habari za mvua. Habari ya kidole hakuigusa kabisa. Alipokwisha kuaga, akiwa mlangoni, akasema: "Yule mzee wako wa filimbi, hufundisha siku gani? Nami nataka kusimama pale juu nione mnaona nini." Sikumwuliza kama mpira ulimgusa. Hata leo hatujaulizana.

Ndugu msomaji, labda nawe una kijana nyumbani apendaye mpira, au kazini kwenu jioni hupita bure. Nataka nikupe shauri dogo kutokana na haya.

Kwanza, mchezo huu hautaki gharama kubwa. Eneo dogo lililosawazishwa, nguzo mbili, kamba na mpira vinatosha kuanzia. Wanaume, wanawake na watoto wanaweza kuutumia uwanja ule ule kwa kuushusha wavu tu.

Pili, wazazi tusiwatume wavulana uwanjani na wasichana jikoni. Binti yule wa Bunda alinifundisha uamuzi kuliko kitabu chochote, na hakuweza kufanya hivyo bila mtu wa kwao kumruhusu kucheza.

Tatu, katika kila timu ateuliwe angalau mmoja wa kujifunza uamuzi, na ikiwezekana awe yule alalamikaye zaidi. Apewe kibendera kabla ya filimbi. Ofisa michezo wa wilaya ndiye wa kumwuliza juu ya mafunzo na vitabu vya kanuni, maana kanuni hubadilika, na mwamuzi asiyesoma huchezesha mchezo wa zamani.

Nne, na hili ni letu sisi watazamaji: tukumbuke kuwa aliye juu ya dawati ni jirani yetu. Kesho atakuwa nyuma ya dirisha la posta au mbele ya darasa la mtoto wetu. Tukimfundisha kutuogopa uwanjani, tusishangae akituogopa na huko.

Nimeuliza mwanzoni: mcheza kwao hutunzwa, mwamuzi je? Nimengoja jibu kwa muda. Sikutunzwa Butiama, na tuzo niliyopewa Bunda sikuistahili. Lakini jana jioni, nilipokuwa nikifunga kamba ya wavu kwenye nguzo, mzee mvuvi alipita, akaujaribu kwa kidole kama unakaza vizuri, akasema, "Leo utasimama wapi, chini au juu?" Nikamwambia juu. Akaketi juu ya jiwe, akaweka kofia yake magotini, akangoja mchezo uanze.

Hadi Jumapili ijayo, tuonane uwanjani.